"I Am Knowing": Historia ya Kosa Moja la Kiingereza, Njombe na Makambako

Utangulizi

Ndugu msomaji, kama umepita sekondari yoyote ya serikali hapa Tanzania, kosa hili unalijua, na huenda uliwahi kulicheka au kuchekwa kwa sababu yake. Swali linaulizwa, mwanafunzi ananyoosha mkono, anasimama na kusema: "I am knowing, sir." Basi, imekwisha. Darasa linaangua kicheko, mwalimu anatikisa kichwa, na jibu lililokuwa linakuja nyuma ya sentensi ile halisikilizwi tena.

Mimi nililisikia Njombe, asubuhi moja ya mwezi Juni, mwezi ambao baridi ya huko hufanya vidole vikatae kushika kalamu. Aliyelisema alikuwa jirani yangu wa dawati, binti aliyetoka upande wa Lupembe. Somo lilikuwa Baiolojia wala si Kiingereza, na swali lilihusu kazi ya mizizi. Jibu alilijua. Usiku wa jana yake ndiye aliyenieleza mimi, kwa Kiswahili, taratibu, huku akichora mzizi na vinyweleo vyake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwalimu alimwamuru aandike "I know" mara mia moja. Akaandika. Lakini toka siku ile hadi tunamaliza kidato cha nne sikumwona tena akinyoosha mkono katika somo lolote lililofundishwa kwa Kiingereza. Na mimi, niseme ukweli, siku ile nilicheka pamoja na wengine. Baadaye nikawa mwalimu kabla ya kuja chuoni, na orodha ileile ya vitenzi "visivyopokea -ing" nikaiandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Makala haya, basi, hayakusudii kumlaumu mwalimu yule. Nia yetu ni kulichukua kosa lile kama mhakiki anavyoichukua matini: kuuliza limetoka wapi, limebeba historia gani, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kuliita kosa. Dai letu ni moja. "I am knowing" haikutokana na ujinga. Ni sentensi iliyotungwa kwa kufuata sarufi ya lugha anayoimudu msemaji, na sheria inayoivunja ni sheria ambayo Waingereza wenyewe hawakuwa nayo siku zote, wala hadi leo hawaishiki kwa namna moja.

Sheria yenyewe na umri wake

Tuanze na sheria ili tusije tukabishana juu ya kitu ambacho hatujakitaja. Kiingereza kina njia mbili kuu za kusema wakati uliopo. Ya kwanza ni ya kawaida, "I read", ambayo huhusu mazoea au jambo la kudumu. Ya pili ni ya kuendelea, "I am reading", yaani tendo liko njiani wakati huu tunapozungumza. Halafu vitenzi navyo vimegawanywa. Kuna vitenzi vya tendo, kama vile read, run na build. Kuna vitenzi vya hali, kama vile know, believe, want, own na belong. Kujua si kazi inayofanywa hatua kwa hatua. Ama unajua ama hujui. Kwa hiyo, sheria inasema, vitenzi vya hali haviingii katika njia ya kuendelea.

Wataalamu wameifanyia kazi kubwa mada hii. Mwaka 1957 mwanafalsafa Zeno Vendler alichapisha makala mashuhuri yaliyovigawa vitenzi katika mafungu manne: hali, shughuli, matendo yenye kikomo na matukio ya papo kwa papo. Sarufi kubwa za akina Randolph Quirk, za mwaka 1972 na 1985, zilionyesha kwamba kitenzi kimoja kinaweza kuwa cha hali hapa na cha tendo pale. "I have a car" ni hali, lakini "I am having breakfast" ni tendo. "I think so" ni maoni, lakini "I am thinking" ni kazi inayoendelea kichwani. Huu ni uchambuzi wa kina. Lakini ukifika darasani hugeuka orodha: vitenzi ishirini hivi ubaoni, nakili, kariri, kesho kuna jaribio. Sababu zimebaki huko vitabuni, kilichofika Njombe ni katazo tu.

Na katazo hilo halikushuka kutoka mbinguni. Tamthilia ya Hamlet inatupa ushahidi. Polonius anapomkuta mwana wa mfalme ana kitabu mkononi, humuuliza anasoma nini, na kitenzi anachotumia ni cha njia ya kawaida. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiuliza hivyo leo atakatwa alama, ataambiwa tendo linaendelea, tumia -ing. Shakespeare hakukosea. Katika zama zake njia ya kuendelea ilikuwa bado haijatanda kama ilivyo sasa. Ilipanuka hasa katika karne ya 18 na ya 19. Muundo kama "the house is being built" ulianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18. Kabla ya hapo watu walisema "the house is building", na katika karne ya 19 walikuwapo wanasarufi walioulaani muundo ule mpya kuwa ni uchafu wa lugha. Leo hakuna hata mmoja anayeushtukia.

Hata sasa jambo hilo halijatulia. Waairishi na Waskoti wengi husema "I'm wanting" na hakuna anayewapa adhabu. Mwaka 2003 kampuni ya McDonald's ilianza kutangaza vyakula vyake dunia nzima kwa maneno "I'm lovin' it". Kitenzi love kimo katika kila orodha ya makatazo niliyowahi kuiona. Tangazo lile lilitungwa na watu wazima wenye elimu yao, likalipiwa fedha nyingi, na hakuna aliyeambiwa aandike "I love" mara mia.

Kiingereza kilifikaje Ubena?

Njombe ni nchi ya Wabena, ingawa ndani ya mkoa wa leo, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, wamo pia Wakinga wa Makete na Wapangwa wa Ludewa. Shule za kwanza za kizungu huko zililetwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin mwishoni mwa karne ya 19. Kidugala, Lupembe na Yakobi ni baadhi ya vituo vyao, na Yakobi ndicho kilichoshambuliwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Hawa walikuwa Wajerumani, na kazi yao waliifanya kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili. Serikali ya Kijerumani nayo ilikitumia Kiswahili kuendesha ofisi za wilaya. Mtoto wa Ubena aliyejifunza kusoma mwaka 1910 hakuhitaji neno hata moja la Kiingereza.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yaligeuka. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wakawa wanaziangalia misheni zile mpaka wenyewe waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Angalia mzaha wa historia hapo: miongoni mwa wasemaji wa kwanza wa Kiingereza kufanya kazi katika misheni za Ubena walikuwamo watu ambao kwao "I'm wanting" ni kauli ya nyumbani. Sisemi kosa letu lilitoka kwao. Nasema tu kwamba Kiingereza hakikutufikia kikiwa kimoja.

Mwingereza naye hakukiondoa Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kukisanifisha kwa nchi zote za Afrika Mashariki, na katika shule za Tanganyika miaka ya mwanzo ilifundishwa kwa Kiswahili. Kiingereza kiliwekwa juu ya ngazi kwa wale wachache watakaopanda, wawe makarani, walimu na wasaidizi wa mabwana. Mwaka 1949 ilipoanzishwa kampuni ya miwati Njombe, chini ya shirika la Uingereza la kuendeleza makoloni, mgawanyo huo ulionekana wazi. Anayebandua magome ya miwati hakuhitaji Kiingereza. Anayeandika hesabu za magome hayo alikihitaji. Toka hapo Kiingereza kikawa kipimo cha mtu. Mzazi wa Njombe hakumpeleka mwanawe shule akajifunze tofauti ya hali na tendo. Alimpeleka akaipate kalamu ya karani.

Januari 1961, chini ya mwaka mmoja kabla ya Uhuru wetu, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 Robert Phillipson aliyachambua na kuyapinga mawazo yaliyotiwa nguvu na mkutano ule, moja likiwa kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza chenyewe, lugha ya mtoto ikae nje ya mlango. Tulikumbuke wazo hili, maana ndilo lililofunga njia ya kulieleza kosa letu. Mwalimu aliweza kusema "usiseme hivi". Kueleza kwa nini mtoto anasema hivyo hakuweza bila kukifungua Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa kimewekewa kibao ukutani: hapa Kiingereza tu.

Binti wa Lupembe kwa sikio la Kiswahili

Sasa hebu tumsikilize yule binti kwa sikio la Kiswahili. Kichwani alikuwa na neno moja: ninajua. Kiambishi -na- katika Kiswahili cha leo hubeba mizigo miwili. "Ninasoma" yaweza kuwa na maana kwamba kitabu kiko mkononi sasa hivi. Yaweza pia kuwa na maana kwamba mimi ni mwanafunzi: "Ninasoma Njombe", hata kama nimesimama sokoni nanunua viazi. Wanasarufi wa zamani, Steere mwaka 1870 na Ashton mwaka 1944, waliitenga "nasoma" ya jumla na "ninasoma" ya wakati maalumu. Mpaka huo umefifia. Kwa wengi wetu wa bara "nasoma" ni ufupisho tu wa "ninasoma". Mazoea tumeyapa hu-, kama tunaposema jua huchomoza mashariki. Basi mwanafunzi akifundishwa kwamba -na- ni "am" pamoja na "-ing", naye akaenda na "ninajua", atafika wapi kama si "I am knowing"? Amefuata kanuni aliyopewa. Kanuni ndiyo iliyokuwa nusu.

Kuna jambo la ndani zaidi. Wanaisimu wengi huona kwamba kiambishi -na- chenyewe kimetokana na neno "na", lile la "mimi na wewe". "Nina kitabu" ni sawa na kusema niko pamoja na kitabu. "Ninasoma" nako ni kama kusema niko pamoja na kusoma. Yaani katika Kiswahili kumiliki na kuendelea na tendo vimezaliwa tumbo moja. Kwa Kiingereza, have ya kumiliki ni miongoni mwa vitenzi vya kwanza kukatazwa -ing. Kwetu sisi "kuwa na" ndiyo iliyozaa njeo ya kuendelea. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "I am having a book" amesikia undugu ambao katika lugha yake upo kweli. Tena Kiingereza chenyewe si mgeni wa jambo hilo. Baadhi ya wanahistoria wake huihusisha njia ya kuendelea na kauli za kale kama "on hunting", yaani mtu yu katika kuwinda, ambayo ilichakaa ikawa "a-hunting", kisha kile kipande cha mbele kikadondoka. Huko walichukua "katika", huku tukachukua "na". Akili iliyofanya kazi ni ileile.

Je, Waswahili hatujui tofauti ya hali na tendo? Tunaijua, tena kwa ukali kuliko Kiingereza. Linganisha "anavaa sweta" na "amevaa sweta". La kwanza ni tendo: mkono mmoja umeingia, wa pili bado. La pili ni hali: sweta liko mwilini. Vivyo hivyo analala na amelala, anakaa kitini na amekaa kitini, anasimama na amesimama. Kama lugha nyingi za Kibantu, Kiswahili huiona hali kuwa ni mahali tendo lilipotufikisha, na huisema kwa -me-. Mwalimu anapouliza "Mmeelewa?" tunajibu "Tumeelewa". Kiingereza hapo husema "Do you understand?", njia ya kawaida. Mwanafunzi anahangaika kati ya "we have understood" na "we are understanding", na zote mbili anaambiwa hapana.

Lakini mtazame Mwingereza anapomwelezea mtu aliyekwisha kuvaa sweta na kukaa kitini. Husema "she is wearing a sweater", "she is sitting". Hakuna tendo lolote linaloendelea pale, ni hali tupu, na -ing imo! Sheria ya vitenzi vya hali ina mlango wa nyuma, na wenyeji hupita humo kila siku bila kubisha hodi. Mwanafunzi wa Njombe anayeijua tofauti ya anavaa na amevaa tayari anayo mkononi dhana ambayo akina Vendler waliiandikia makala. Hakuna aliyemwambia kwamba anayo.

Mwaka 1983, na mbunge wa Njombe

Mpaka hapa mtu atasema: haya, ni suala la sarufi, rekebisheni vitabu. Lakini kumbuka binti wa Lupembe alikuwa kwenye Baiolojia. Kosa la kitenzi lingebaki kosa la kitenzi kama Kiingereza kingekuwa somo tu. Hapa ndipo historia ya sarufi inapokutana na historia ya siasa yetu, na Njombe imo ndani yake kwa jina.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi nchi nzima. Sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Mwaka 1980 Rais aliunda Tume ya Elimu, na mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, aliyeiwakilisha Njombe Bungeni kwa miaka mingi, na ambaye alifariki mwaka 2012. Ripoti ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, kisha kipande hadi vyuo vikuu miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kwamba mabadiliko hayo hayatafanyika. Aliyetangaza alikuwa Waziri wa Elimu, naye ni Makweta huyohuyo.

Mwaka uliofuata wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu. Waliona kwamba kiwango kilikuwa chini mno kiasi kwamba wanafunzi wengi hawawezi kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Hata hivyo hawakushauri lugha ibadilishwe. Walishauri Kiingereza kiimarishwe. Mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere naye alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Mradi wa kukisaidia Kiingereza, kwa fedha za Uingereza, ulianza mwaka 1987 na kusambaza vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Vilikuwa vitabu vya kusomeka, hatukatai. Lakini tatizo la lugha ya kufundishia liliachwa palepale. Miaka ya 1990 Rubagumya, Qorro, Roy-Campbell na wenzao waliliandikia vitabu. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na bado hadi leo mtoto wa kidato cha kwanza katika shule ya serikali hufunguliwa Baiolojia kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa Baiolojia amegeuzwa kuwa mlinzi wa vitenzi, na mwanafunzi anayejua kazi ya mizizi anahukumiwa kwa kazi ya -ing.

Kosa linapoitwa mtindo

Sisi wanafunzi wa fasihi tunalo la kujibu hapa, maana mezani kwetu makosa huitwa mitindo. Amos Tutuola alipochapisha The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952, wasomi kadhaa wa Nigeria waliona aibu kwa Kiingereza chake, huku London ikikisifia. Gabriel Okara katika The Voice, 1964, aliipinda sentensi ya Kiingereza kwa makusudi ili ifuate mwendo wa Kiijo. Nissim Ezekiel wa India alitunga mashairi yaliyojaa vitenzi vya hali vyenye -ing, na maprofesa wanayafundisha duniani kote. Wahakiki hujadili kama Ezekiel aliwacheka wasemaji wale au aliwapenda. Swali zuri. Lakini hakuna anayeuliza kama mshairi alijua sheria. Inachukuliwa kuwa aliijua, na ndiyo sababu anaruhusiwa kuivunja.

Hapo ndipo penye uzito. Sentensi ikiwa ni ileile, mmoja anapewa heshima na mwingine anapewa adhabu, basi tunachokipima si sentensi. Tunapima cheo cha aliyeisema. Soyinka aliliona hili mapema katika The Lion and the Jewel, ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari. Lakunle, mwalimu wa kijiji, ameivaa lugha ya vitabu kama koti la kuazima, na kila akifungua mdomo kijiji kinacheka. Tulifundishwa kumwona Lakunle kama mtu wa kuchekesha. Ni wachache tuliojiuliza kama tulikuwa tunafundishwa tuwe yeye.

Na waandishi wetu? W. E. Mkufya aliandika The Wicked Walk mwaka 1977, riwaya ya Dar es Salaam kwa Kiingereza, kisha mwenyewe akaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Kizazi Hiki, na baadhi ya riwaya zake zilizofuata, ikiwamo Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, ni za Kiswahili. Kila mwandishi ana sababu zake, wala hatumsemei. Ila mhakiki anaweza kuona kwamba Kiingereza cha Tanzania, kama kinavyosikika kwenye basi, ofisini na darasani, hakijapata riwaya yake. Wanaisimu wamekwisha kukikusanya: akina Josef Schmied walikusanya maandishi na mazungumzo ya Kenya na Tanzania miaka ya 1990 wakaweka hazina ya utafiti. Wao wamekiona kuwa ni kitu. Sisi tunaokisema bado tunakionea haya.

Makambako: badala ya hitimisho

Makambako, kwa usiyepajua, ni njia panda. Barabara kuu ya Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na hapo ndipo inapochomoza barabara ya Njombe na Songea, ambayo lami yake iliwekwa kwa msaada wa Waingereza miaka ya 1980. Kila kinachokwenda kusini lazima kipunguze mwendo Makambako. Miaka michache iliyopita niliteremka stendi nikamkuta jirani yangu wa dawati. Anafanya biashara ya viazi na mahindi, ana malori mawili ya kukodi, na simu yake haipumziki.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimia kwa utani. "Bado unasahihisha vitenzi vya watu?"

Tukacheka. Karibu yetu kijana mmoja wa Kiingereza, mzigo mgongoni, alikuwa ananunua parachichi na kumwambia mwenzake, "I'm loving this place." Mwenzangu akanigeukia. "Umemsikia? Huyo naye mara mia." Akacheka tena, kisha akanyamaza. "Mimi mizizi niliijua, ujue," akasema.

Nilijua. Na nilikuwa sijawahi kumwambia.

Tunahitimishaje? Hatusemi sheria itupwe. Mtihani wa taifa upo, na mwajiri hatasoma makala haya. Mwanafunzi afundishwe "I know", aijue barabara. Lakini afundishwe kwa kuanzia pale aliposimama: ninajua, nina, anavaa na amevaa, tumeelewa. Kipindi kimoja cha Kiswahili kingetosha kumwonyesha kwamba lugha yake ina mpango, Kiingereza kina mpango wake, na kosa limetokea pale mipango miwili ilipokutana. Aonyeshwe pia kwamba mpango wa Kiingereza umebadilika na unaendelea kubadilika. Na mwalimu wa Baiolojia aruhusiwe kusikiliza habari za mizizi.

Wasomaji wetu ambao hawakubaliani nasi, hasa walimu wetu wa Idara ya Kiingereza, waandike. Nafasi ipo katika toleo lijalo. Na aliyewahi kuandikishwa kitenzi mara mia, popote pale, naye atuandikie: kilikuwa kitenzi gani, na alikuwa anataka kusema nini.